Penseli ya bibi kwenye kitabu cha Tenzi

Hii nimepanga kuiandika tangu mwezi wa nne nikawa naahirisha tu, mara kazi, mara bando limekata, mara uvivu tuseme ukweli. Leo mvua imenifungia ndani na umeme upo, ngoja niiandike kabla hawajaukata.

Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka huu, huko kwetu Mpwapwa. Umri wake hakuna anayeujua vizuri, kwenye kitambulisho wameandika 1934 ila mwenyewe alikuwa anasema kazaliwa mwaka wa njaa, na Ugogoni ukisema mwaka wa njaa bado hujasema kitu maana iko mingi. Alikuwa Mwanglikana, mlokole wa wale wa zamani, wale wakikutana njiani hawaanzi na mbukwenyi, salamu ya Kigogo, kama watu wengine, wanaanza kuimba palepale katikati ya njia na ndoo kichwani, sisi wajukuu tunaona aibu mpaka tunajificha nyuma ya mbuyu.

Sasa siku ya mkesha. Vijana wa kwaya walikuja na kibodi, spika mbili kubwa na maiki inayopiga miluzi, wakaimba vizuri tu sina neno nao, zile nyimbo za siku hizi za kurukaruka, watu wakachangamka, wengine nadhani walisahau kidogo wamekuja kufanya nini. Kwenye saa saba usiku umeme ukakatika. Kimya. Yule kijana wa kibodi akabaki anabonyeza vitufe kama vile kosa ni la vidole vyake. Unasikia mbwa wa jirani na mtu anakohoa basi. Afu kule ndani walikokaa kina mama kwenye mikeka mtu mmoja akaanza, chini kabisa kama anajisemea mwenyewe, Bwana u sehemu yangu, rafiki yangu wewe. Mwingine akadaka. Wakawa watatu, wakawa chumba kizima, na wanaimba kwa ule mwendo wa kizee ambao neno "wewe" linavutwa mpaka unaweza ukanywa chai yako ukarudisha kikombe ukalikuta bado lipo hewani. Hakuna aliyewagawia sauti. Kuna babu mmoja alikuwa kwenye benchi nje, nilidhani kalala, akaingiza besi pale kwenye "pamoja na wewe" na mimi hapo ndo nikalia. Mimi ambaye tangu asubuhi nahangaika na turubai na hela ya mchele sijadondosha hata chozi.

Asubuhi yake tulikuwa tunaandika wasifu wa marehemu, si unajua lazima usomwe kanisani na tarehe zake, mama mkubwa akafungua sanduku la bibi atafute cheti cha ubatizo. Cheti hakikuwepo. Kilichokuwepo juu kabisa ya kanga ni kitabu chake cha Tenzi za Rohoni, kile kidogo cha maneno matupu bila nota. Jalada lilishaondoka zamani, bibi kakishonea kipande cha boksi la sabuni kwa uzi wa gunia, kurasa zinanuka moshi na mafuta ya taa, pembe zake zote zimelika zikawa mviringo. Na pembeni ya nyimbo kuna maandishi ya penseli. Mume wa dada, 1971. Mwalimu wa mnadani, 1988. Mama wa jirani. Mchungaji mzee. Mengine ni mwandiko wangu kabisa na nilikuwa nimesahau! Likizo tukiwa shule ya msingi, tukitoka msibani bibi anavua viatu anakaa kwenye kigoda anasema lete kitabu, andika hapa. Ye kusoma alikuwa anasoma vizuri ila kuandika alikuwa anaandika kwa shida, herufi mojamoja kama mtu anayepanda karanga, kwa hiyo akiona mjukuu yupo anamkabidhi penseli. Kila aliyezikwa anaandikwa kwenye wimbo aliosindikizwa nao. Hakuwahi kunieleza sababu na mimi sikuuliza, mtoto ukitumwa unatumwa.

Nikaanza kuhesabu, maiti ikiwa bado haijatolewa ndani, sijui nilikuwa natafuta nini. Bwana u sehemu yangu ina watu tisa. Nionapo amani kama shwari watano. Yesu kwetu ni rafiki wanne. Usinipite Mwokozi haina marehemu hata mmoja, pale bibi kaandika wagonjwa waliopona, na mmojawapo ni mimi, malaria iliyopanda kichwani, 1996. Ndiyo dhamana ina alama moja, harusi ya mama. Na katikati ya kitabu kuna karatasi ya daftari imekunjwa mara nne, ina ule wimbo wa kuwa salama mikononi mwa Yesu umenakiliwa kwa mkono, chini yake "pacha wa kwanza, pacha wa pili". Hao ni wadogo zake mama. Hakuna aliyewahi kunisimulia habari zao.

Basi tulizika, nikakaa siku tatu, nikaomba nikiazime kitabu nikarudi Dodoma kupanda treni ya umeme. Humo ndani ndo nikaanza kugugo wimbo mmoja mmoja, maana kitabu chetu kina namba na maneno, jina la mtunzi hamna. Bwana u sehemu yangu, mtunzi Fanny Crosby. Usinipite Mwokozi, Fanny Crosby. Ile karatasi iliyokunjwa, Fanny Crosby. Nikadhani simu imeganda. Ndiyo dhamana, Fanny Crosby tena. Yaani huyu mama kazika nusu ya ukoo wetu na kaozesha mama yangu na kaniombea malaria yangu na sisi wala hatumjui!

Kwa wasiomjua kama mimi nilivyokuwa: alizaliwa mwezi wa tatu 1820, kijijini jimbo la New York, Marekani. Akiwa na wiki kama sita akapata maradhi ya macho, daktari wao hayupo, akaja mtu aliyejifanya anajua tiba akamkanda macho kwa dawa ya moto. Familia iliamini hilo ndo lililompofua. Madaktari wa baadaye walisema inawezekana alizaliwa hivyo hivyo, ila ye mwenyewe na mama yake walishikilia habari ya yule mganga. Baba yake akafa hata mwaka hajafikisha. Mama akaenda kutafuta kazi za ndani, mtoto akalelewa kwa kiasi kikubwa na bibi yake, na bibi ndo akawa macho yake, anamshika mkono anamweleza rangi za ndege na maua, na kumkaririsha Biblia. Inasemekana akifikisha miaka kumi na mitano alikuwa na vitabu vitano vya Musa na Injili zote nne kichwani. Mi nikisoma hapo kwenye bibi nilifunga simu kidogo nikaangalia dirishani, tulikuwa tunapita Kilosa.

Akiwa na miaka kumi na minne akienda kumi na tano, 1835, akapelekwa shule ya vipofu New York mjini, akasoma akabaki hapohapo kuwa mwalimu. Mwaka 1849 kipindupindu kilipoingia mjini ye alibaki kuuguza watu wakati wengine wanakimbia. Kuna kijana mmoja karani wa pale shuleni alikuwa anamwandikia mashairi yake akiyasema kwa mdomo, kijana anaitwa Grover Cleveland, baadaye akaja kuwa rais wa Marekani mara mbili. Sawa na mimi na penseli ya bibi, ila mimi urais bado.

Nyimbo zenyewe za kanisa alianza 1864, karibu miaka arobaini na minne, umri ambao huku kwetu mtu keshaanza kusema sisi wazee. Na akishaanza hashikiki. Zaidi ya nyimbo elfu nane, 8,000, nimeangalia mara mbili kama nimesoma sifuri vibaya. Nyimbo tatu kwa wiki ndo ulikuwa mkataba wake na wachapishaji, kwa dola moja au mbili wimbo mmoja, na ikishalipwa hiyo basi, wimbo ni wa mchapishaji, wao ndo wanaouza vitabu kwa mamia ya maelfu na ye anakaa vyumba vya kupanga kwenye mitaa ya walalahoi pale Manhattan. Wasanii wetu wanaolia na mirabaha mjue hamjaanza nyie. Tena wachapishaji hawakutaka kitabu kionekane kimejaa jina moja kwa hiyo wakamwandika kwa majina ya bandia, karibu mia mbili, mara herufi tu, mara jina la mwanamke mwingine. Kwa hiyo hata kwao alikuwa amefichwa, sisi tulimalizia tu.

Aliolewa 1858 na mwanamuziki kipofu mwenzake, Alexander Van Alstyne, mpiga kinanda. Wakapata mtoto, akafa akiwa mchanga kabisa. Hilo alikuwa halizungumzi karibu maisha yake yote. Sasa 1868 mwezi wa nne akaja rafiki yake William Doane, huyo ni mfanyabiashara mwenye viwanda ila anatunga muziki, akamwambia nina tuni hapa haina maneno na nina dakika arobaini tu niwahi treni. Akampigia tuni. Fanny akaingia chumba kingine akapiga magoti, akatoka na wimbo mzima kichwani, akamtajia Doane akaandika akawahi treni yake. Huo wimbo ndo ule wa kwenye karatasi ya bibi. Salama mikononi mwa Yesu, wimbo ambao kina mama waliofiwa watoto wameushika duniani kote. Nusu saa tu! Mi siamini uliandikwa nusu saa, nusu saa ulitoka, kuandikwa ulikuwa unaandikwa tangu yule mtoto afe. Na bibi alivyofika kuunakili kwa mkono kwa ajili ya wale pacha wake, kwenye daftari la nani, kwa kibatari cha nani, hilo nalo mnaweza kujaza wenyewe.

Usinipite ni mwaka huohuo 1868. Simulizi yake ni kwamba alikwenda kuongea na wafungwa gerezani, katikati ya ibada mfungwa mmoja akapaza sauti kwamba Bwana usinipite na mimi. Jioni yake akarudi nyumbani akaandika. Lakini nilivyomsimulia mama mkubwa hii habari kwenye arobaini, kwamba aliyetunga Usinipite alikuwa mwanamke kipofu, hakushangaa hata kidogo, akaendelea kuchambua mchicha wake akasema, si ndo Bartimayo huyo. Nikasema ehee? Akasema kipofu kakaa kando ya njia, kasikia watu wanapita, haoni nani ni nani, atafanya nini zaidi ya kupiga kelele asipitwe. Mimi nimesoma mpaka chuo na hilo sikuliona, ye kaliona na mchicha mkononi.

Na hebu tuongelee Kiswahili chake. "Unapozuru wengine usinipite." Kuzuru! Angeweza kuandika unapotembelea, ila kuzuru tunajua kwetu nani anazuru, rais anazuru mkoa. Umesimama barabarani tangu saa mbili na bendera ya karatasi, msafara unakuja, vioo vimefungwa, unapita vuuu unabaki na vumbi mdomoni, kiongozi kazuru wengine. Ukiimba ule mstari na picha hiyo kichwani unaelewa kabisa yule mfungwa alikuwa analilia nini. Au ile "tatembea na wewe", imekatwa kichwa ni nitatembea, ukiandika hivyo kwenye insha mwalimu anakuchora mstari mwekundu, lakini iimbe kwa ukamilifu uone kama haikukwami kooni. Waliozitia nyimbo hizi kwenye Kiswahili walijua kazi yao. Sio kwamba walihamisha maneno, walitafuta mdomo wa Mswahili unafungukia wapi.

Ndiyo dhamana nayo ina kichekesho chake. Mwaka 1873 rafiki yake mwingine, Phoebe Knapp, kampigia tuni mpya akamuuliza hii tuni inasema nini. Fanny kasikiliza, akajibu hapohapo, na jibu lake ndo mstari wa kwanza wa wimbo. Sasa huyu Phoebe mumewe alikuwa rais wa kampuni kubwa ya bima, Metropolitan Life, na neno lenyewe la Kiingereza la huo mstari, assurance, linatumika pia kwa bima! Sisi tukaweka dhamana, ambayo huku unaijua ukiwa kituo cha polisi au benki wanataka hati ya nyumba yako. Mjomba wangu amewahi kukaa rumande siku nne kwa kukosa wa kumwekea, akitoka kanisani siku wameimba huo wimbo anasema mimi hapa ndo naelewa kuliko mchungaji.

Nionapo amani kama shwari wengi mnaijua habari yake maana wahubiri wanaipenda mno. Horatio Spafford, mwanasheria wa Chicago, mke wake Anna na mabinti wanne walipanda meli Ville du Havre kwenda Ulaya, Novemba 1873 ikagongana na meli nyingine baharini ikazama kwa dakika chache tu, mabinti wote wanne wakafa, mama kaokotwa anaelea, akatuma simu ya maandishi kwa mumewe: nimeokoka peke yangu. Baba kapanda meli kumfuata mkewe na kutoka huko ndo ukaja huu wimbo. Wahubiri wanaishia hapo wanasema tuinamishe vichwa. Hawaendelei kwamba aliyetia muziki, Philip Bliss, wimbo ulitoka 1876 na Desemba 29 mwaka huohuo daraja la reli likavunjika huko Ashtabula, Ohio, treni ikadumbukia mtoni ikawaka moto, Bliss na mkewe wakafa. Wala hawasemi kwamba Spafford na Anna kanisani kwao walishaanza kutofautiana na watu, 1881 wakaondoka na kikundi chao wakahamia Yerusalemu, wakaishi pamoja kama ndugu na kusaidia watu wa dini zote, na Horatio akafia hukohuko 1888. Mi naona hiyo sehemu ya pili ndo ngumu zaidi. Kuandika wimbo ni usiku mmoja, ila kuamka miaka kumi na tano mingine baada ya hapo ni kazi.

Ila kinachonipendeza kwenye huo wimbo ni jambo dogo la lugha. Kiingereza chake kinaanza na amani kama mto. Sasa mwambie Mgogo amani kama mto! Mto wetu miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu, unakwenda na kata na ndoo unafukua kishimo unangoja maji yachungulie, na ng'ombe wa watu wamepanga foleni nyuma yako. Kiswahili kikaweka shwari, bahari iliyotulia, neno la mabaharia wa pwani, kwenye wimbo wa mtu ambaye bahari ndo ilimla watoto. Yaani kuanzia mstari wa kwanza kashapata kile ambacho bahari ilimnyima. Bibi bahari aliiona mara moja tu, 2009, tulimpeleka pantoni ya Kigamboni, akaangalia maji mpaka tunafika ng'ambo hajasema kitu, afu akasema kwa Kigogo kitu kama hiki: maji yote haya yamekaa tu. Akaimba "kama shwari" kidogo akanyamaza. Pantoni lenyewe lilikuwa linapiga honi.

Yesu kwetu ni rafiki nisiuseme sana maana utanirefushia. Joseph Scriven, mtu wa Ireland, mchumba wake akazama maji siku moja kabla ya harusi. Akahamia Kanada, akapata mchumba mwingine, huyo naye akaugua akafa kabla ya ndoa. Wimbo aliuandika 1855 kama shairi la kumfariji mama yake aliyebaki Ireland anaumwa, hakuwa na mpango wa kulichapisha. Wanasimulia kwamba huko Kanada alijulikana kwa kutembea na msumeno anawapasulia kuni wajane na wasio na hela, ukiwa na hela hakupasulii. 1886 akakutwa amekufa majini. Maji tena. Na ule mstari "hwambiwa haja pia", vijana siku hizi wanaimba huambiwa, na mapigo yanaongezeka, besi wanachanganyikiwa.

Kwenye arobaini, sasa, nilivyomaliza kuwasimulia haya yote mtoto wa mjomba, huyu ni msomi wa chuo kikuu na ana ndevu za kisomi, akasema mnalilia nyimbo za wakoloni. Akasema aliyeandika Amazing Grace alikuwa nahodha wa meli za watumwa. Na ni kweli, John Newton, na sitaki kumtetea, maana alipopata lile tetemeko lake la rohoni kwenye dhoruba 1748 hakuacha, aliendelea kubeba watu mpaka 1754, na kitabu cha kukiri hadharani ubaya wa ile biashara alikitoa 1788, miaka arobaini baada ya dhoruba. Mpwapwa yenyewe ilikuwa njia ya misafara ya kutoka bara kwenda Bagamoyo, hatuhitaji kuelezwa. Nikamwonyesha kitabu, kwamba bibi kwenye huo wimbo hakuandika jina la mtu hata mmoja. Sina uhakika ni kwa sababu hiyo, labda hakupenda tuni tu.

Mjomba ndo akamjibu vizuri. Akamuuliza we shuleni ulikuwa unaimba nini asubuhi. Mungu ibariki Afrika. Mtunzi wake nani? Kimya. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, aliutunga 1897 kuwa wimbo wa kanisa kwa ajili ya wanafunzi wake, akafa 1905 akiwa kijana, na kaburi lake likapotea mpaka miaka ya 1990 ndo likatafutwa, Mandela akaenda kuliwekea mnara 1996. Kwa hiyo taifa zima linaimba tenzi kila siku, tena kwa kusimama wima. Ila mtoto wa mjomba naye ana hoja nusu, ngoma na zeze vilikaa nje ya milango ya kanisa miaka mingi sana, na hawa walioachwa nje ndo walewale waliotoa kina Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo, wakazunguka dunia. Nilichomwambia mimi ni kwamba usiku ule umeme ulipokatika, zile sauti nne tano zilizojipanga zenyewe gizani hazikutoka New York. Wagogo wanaimba hivyo kwenye mavuno kabla mmisionari wa CMS, kile chama cha wamisionari wa Kianglikana, hajafika Mpwapwa miaka ile ya 1870. Fanny Crosby kaleta maneno, Doane na wenzake wameleta tuni, kina mama wameimeza tuni wakatoa kitu kingine kabisa.

Na walokole je? Wenzake bibi pale kaburini walipiga Tukutendereza Yesu kwa Kiganda kitupu, ule wimbo wa uamsho uliowaka kutoka Gahini kule Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukaja mpaka kwetu. Wanauimba vizee wa Kigogo ambao Kiganda hawajui hata salamu. Ukimuuliza bibi maana yake alikuwa anasema maana yake unaijua ukishaimba.

Fanny mwenyewe alikufa Februari 1915, miaka tisini na minne, mji wa Bridgeport. Kwenye jiwe dogo la kaburi waliandika shangazi Fanny, na maneno ya Marko, ametenda alivyoweza.

Basi tukabaki na kazi moja. Mama mkubwa akasema leteni kitabu, mwenyewe naye aandikwe. Ugomvi ukaanzia hapo. Mama akasema aandikwe kwenye shwari kwa sababu ndo ulioimbwa wakati jeneza linatoka. Mama mdogo akasema hapana, aandikwe kwenye ule wa usiku, wa gizani, huo ndo aliosindikizwa nao. Mjomba akasema kwenye dhamana, ye kila kitu ni dhamana. Wakabishana mpaka chai ikapoa, mwisho mama mkubwa akaamua wa usiku. Sasa penseli hakuna. Nyumba nzima ina watoto kumi na mmoja wa shule na penseli hakuna, wana peni, na peni mama mdogo akaikataa, bibi hakutumia peni. Mke wa binamu yangu akafungua pochi akatoa penseli ya nyusi. Tukaangaliana. Nikaichukua nikauliza niandike nini, mama? bibi? jina lake? Mama mkubwa akasema andika mwenye kitabu.

Nikaandika pale chini ya wale tisa. Imetoka ya kahawia, na nilivyofunga kitabu haraka imechafua kidogo ukurasa wa pili.